Mboga ya Kwetu Kwenye Nyaya za Honolulu

Ukishuka kwenye basi mtaani Kaimuki, mashariki ya jiji la Honolulu, iache bahari kidogo. Utazame kwanza uzio wa nyaya unaozunguka viwanja vitupu. Mara nyingi hutaziona hizo nyaya. Utaona mmea unaotambaa, umejisokota juu ya uzio, ukapanda nguzo ya umeme, ukavuka hadi mti wa jirani. Majani yake ni mapana, yana pembe tano. Maua ni meupe kama nyota. Vitunda vyake ni vya kijani vyenye mistari myeupe, virefu kama kidole gumba, na vikiiva vinakuwa vyekundu kabisa.

Mtu aliyekulia Kilifi, Kwale au Tanga atasimama aangalie mara mbili. Mmea huu anaujua. Ameuona umelala juu ya vichaka nyuma ya nyumba, pengine ameuchuma akiwa mtoto. Hakutarajia kuukuta katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Jina lake la kitaalamu ni Coccinia grandis. Hapa Hawaii wanauita ivy gourd. Wathai, ambao wanaupenda sana, wanauita tamlung. Ndugu zetu Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam wana jina lao, tindori, na ukienda sokoni utavikuta vitunda hivyo vimepangwa pamoja na karela na mabamia. Kwetu pwani kila jamii ina jina lake, na wengi husema tu tango mwitu. Katika makala hii nitautaja kwa jina la tindori, kwa sababu ndilo linaloeleweka kwa wengi madukani, kuanzia Nairobi hadi Muscat hadi London.

Nimeishi Honolulu miaka sita sasa. Wasomaji wengi huniuliza kuhusu fukwe na volkano. Leo nataka kuwatembeza kwenye nyua na vichochoro, kwa sababu swali la mmea huu linamgusa kila mmoja wetu aliyewahi kutia mbegu za nyumbani kwenye sanduku la safari.

Mwafrika aliyezunguka dunia

Tindori ni ya jamii moja na matango, maboga, mumunye na madodoki. Jenasi yake, Coccinia, ina spishi takriban 25, na nyumbani kwao ni Afrika kusini ya Sahara. Hii moja peke yake ndiyo iliyofika Asia. Huko India, Sri Lanka na Thailand imekuwa mboga ya kila siku. Wahindi hukata vitunda vibichi wakavikaanga na viungo. Wathai huchuma ncha laini za majani wakazitia kwenye supu nyepesi. Kwetu Afrika Mashariki ni majani zaidi kuliko matunda. Wamijikenda huyachuma na kuyapika kama mboga nyingine za porini.

Ina tabia moja ya ajabu. Mmea wa kiume uko mbali na wa kike, kama mpapai. Jinsia yake huamuliwa na kromosomu za X na Y, kama ilivyo kwa binadamu, jambo ambalo ni nadra kwa mimea, na wataalamu wa jenetiki wameichunguza sana kwa sababu hiyo.

Hapa Oahu wataalamu wa mimea walianza kuiandika kama gugu jipya katika miaka ya 1980. Inaaminika ililetwa na watu walioitaka kwa chakula. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu alitamani mboga ya kwao akachomeka kipande cha shina ardhini. Jua lipo, mvua ipo, baridi haipo. Shina likashika.

Kwa nini nyumbani ni mboga, huku ni gugu?

Hili ndilo swali nililojiuliza mwaka wangu wa kwanza. Nilipanda Diamond Head, mlima ambao Wahawaii wenyewe wanauita Lēʻahi, wenye kimo cha mita 232. Wageni hupiga picha kule juu. Wakati wa kushuka mimi nilikuwa natazama vichaka mtaani, miti mizima iliyofunikwa kama kitanda kilichotandikwa shuka la kijani. Chini ya shuka hilo, miti ilikuwa imekauka.

Kazi yake hufanyika hivi. Katika hali nzuri tindori inaweza kurefuka hadi sentimita 10 kwa siku moja. Haina shina gumu la kujisimamisha, kwa hiyo hupanda juu ya wengine kwa vikono vyake vilivyojikunja. Ikifika juu hutandaza majani na kuzuia jua. Mti ulio chini hukosa mwanga, hudhoofika, na mwishowe hufa. Shina likigusa udongo hutoa mizizi pale pale. Chini ya ardhi kuna kiazi kinachohifadhi nguvu, hivyo ukikata juu, huchipua upya. Na tunda likiiva likawa jekundu, ndege hulila na kwenda kudondosha mbegu mahali pengine. Nguruwe mwitu nao husaidia kuzisambaza.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Nzi wa matunda anayeharibu matango na maboga huzaliana ndani ya vitunda vya tindori. Mkulima mdogo anayelima matango karibu na kichaka hicho anafuga adui bila kujua.

Na Hawaii si mahali popote tu. Visiwa hivi viko karibu kilomita 3,800 kutoka California, katikati ya maji. Takriban asilimia 90 ya mimea yake ya asili inayotoa maua haipatikani kwingine duniani. Mti wa namna hiyo ukifunikwa na kufa, hakuna msitu mwingine wa kwenda kuchukua mbegu. Ndiyo maana jimbo limeiweka tindori katika orodha ya magugu hatari, na sheria inakataza kupeleka magugu ya orodha hiyo kwenye maeneo ambayo hayajafika. Kisiwani Maui, ambako haikuenea kama Oahu, kamati iitwayo Maui Invasive Species Committee imekuwa ikiitafuta uwanja kwa uwanja ili kuing'oa kabla haijashinda nguvu.

Wageni waliotumwa kutoka Kenya

Walipoona mapanga na dawa havitoshi, wataalamu wa kilimo wa Hawaii waliuliza swali la busara: kule ulikotoka mmea huu, nani anaula? Jibu likawapeleka Kenya.

Kule walikusanya wadudu watatu wanaoishi kwa kuutegemea mmea huu. Wa kwanza ni nondo, Melittia oedipus, ambaye viwavi wake hutoboa mashina na kuingia hadi kwenye mizizi. Wa pili ni fukusi mdogo, Acythopeus cocciniae. Mabuu yake huchimba ndani ya majani, na akikua hutoboa majani hayo matundu matundu. Wa tatu ni ndugu yake, Acythopeus burkhartorum, ambaye mabuu yake husababisha mashina kuvimba vinundu.

Hawakuachiliwa vivi hivi. Kwanza walifungiwa karantini na kupewa mimea mingine ya jamii ya matango, ili kuhakikisha hawatageuka kula tikiti au maboga ya wakulima. Nondo akaachiliwa mwaka 1996, na mafukusi mwaka 1999. Baadaye wadudu wa Kenya walipelekwa pia Guam na Saipan, visiwa vingine vya Pasifiki vilivyoelemewa na mmea huu.

Mara kwa mara, nikiwa nasubiri basi, hugeuza jani la tindori na kulitazama. Nikikuta matundu madogo madogo na njia nyembamba iliyochimbwa kati ya ngozi mbili za jani, nacheka peke yangu. Najua ni kazi ya nani. Hawakuumaliza mmea, wala hilo halikuwa lengo. Mdudu hawezi kumaliza chakula chake chote, maana naye atakufa. Kazi yake ni kuupunguzia kasi, ili miti mingine ipate kupumua.

Na hapo ndipo jibu la swali langu lilipo. Kwetu tindori haisumbui kwa sababu imezungukwa na wanaoila: nondo, fukusi, mbuzi, na akina mama wenye vikapu. Huku ilifika peke yake.

Mama alipoikuta uani

Mwaka juzi mama alikuja kutoka Kilifi kukaa nasi miezi mitatu. Wiki ya kwanza alikuwa kimya. Chakula hakimwingii, usingizi hauji, saa zimepinduka. Siku ya nane nikamchukua kwenda kwa rafiki yetu Mlao anayeishi Kapahulu, mwenye ua nyuma ya nyumba. Mama aliuona mmea ukutani akapaza sauti.

"Hii si mboga hii?"

Akasogea, akavunja ncha moja, akainusa, akatafuna kidogo. Uso ukamfunguka. Yule rafiki, ambaye hajui neno la Kiswahili, alimletea bakuli bila kuambiwa. Wakachuma pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakielewana kwa vidole. Jioni mama alipika majani yale kwa tui la nazi, kitunguu na nyanya, tukala na sima. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiongeza chakula tangu afike.

Kesho yake alikuwa na mpango tayari. Alitaka kipande cha shina akipande kwenye ua wetu, karibu na jikoni, kusudi wajukuu wawe na mboga hata yeye akiondoka. Kingine apelekewe mama mdogo aliyeko California, ambaye hajaonja mboga hiyo miaka ishirini.

Kumkatalia mzazi si jambo jepesi, tena mzazi aliyevuka bahari mbili kuja kukuona. Nilimkalisha nikamweleza yote: Diamond Head, miti iliyokauka, kiazi cha chini, ndege, sheria. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo mboga yetu huku inaitwa gugu."

Nilijua anachosema. Wengi wetu ugenini tumeonja maneno ya aina hiyo. Watu husema "vya kigeni" kuhusu mimea, na sisi tulio wageni tunasikia kama tumetajwa sisi. Lakini mtu si mmea. Mtu huambiwa akaelewa, hujifunza adabu za mahali, huchagua. Mmea hauna hiari. Uamuzi uko kwa aliyeubeba. Nikamwambia, "Kwetu si gugu, mama. Huku haina wa kuipunguza."

Akafikiri. Mama amelima maisha yake yote. "Kweli," akasema. "Kwetu mbuzi peke yao wangeshaimaliza." Kisha akauliza, "Kuchuma je, kunaruhusiwa?"

Tulikubaliana hivi. Tutachuma kwa rafiki yetu, kwa ruhusa yake, maana kwake imeshaenea na hatumii dawa ya magugu. Tutachukua majani na ncha laini tu. Mashina na matunda yaliyoiva hayatoki uani. Kwa miezi miwili iliyobaki walikutana kila Jumamosi, na ukuta ule ukaanza kuonekana rangi yake. Mama mdogo wa California hakupata shina. Alipata simu ya video, akamwona dada yake akipika, akanuna kidogo, halafu akacheka.

Ukitaka kuipanda huko uliko

Ndugu msomaji, jibu linategemea unapoishi. Yafuatayo ndiyo ningemwambia ndugu yangu.

Kama uko Hawaii, Guam, Saipan, Florida au kaskazini ya Australia, usipande. Hali ya hewa inaipendelea mno, na ndege watafanya usilokusudia. Kama imeshaota uani kwako, iondoe kwa utaratibu. Chuma kwanza matunda yote kabla hayajawa mekundu. Chimba hadi upate kiazi. Ukivuta tu, vipande vitabaki na kuchipua. Mashina yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uache juani hadi yafe. Usiyatupe kwenye rundo la mboji wala bondeni.

Kama uko Uingereza au majimbo yenye baridi ya Marekani, barafu ya msimu wa baridi huua mmea ulioachwa nje. Wapo wanaoikuza ndani ya nyumba ya kioo au kwenye chungu kikubwa. Hata hivyo nunua mche kwa muuzaji halali ndani ya nchi. Usibebe mbegu wala kipande cha shina kutoka nyumbani. Uingereza na Marekani zote hudai cheti cha afya ya mmea kwa vitu vya kupanda vinavyotoka nje, na sababu yake ndiyo hii hii niliyoisimulia.

Kama uko Oman au nchi nyingine za Ghuba, jangwa lenyewe ni uzio. Bila kumwagilia, mmea hauendi mbali. Utaona Wahindi wengi wameupandisha kwenye nyaya za bustani zao. Fanya kama wao: upe kichanja chake, upunguze kila wiki, na usiuache uvuke kwenda bondeni penye maji.

Kama unachotaka ni ladha tu, maduka ya Kihindi ya Southall na Wembley, Dubai na Muscat huuza vitunda vyake vibichi. Chagua vidogo, vigumu na vya kijani. Vikate kwa urefu, vikaange na kitunguu, manjano na pilipili hadi kingo zianze kuwa kahawia. Kimoja kikiwa kichungu kupita kiasi, kitupe. Katika jamii hii ya matango uchungu mkali ni dalili ya sumu inayoweza kuumiza tumbo.

Na tahadhari ya wachumaji: usichume kando ya barabara wala kwenye uzio usiojua mwenyewe. Huko ndiko dawa ya magugu hupigwa, na jani lililopigwa leo linaweza kuonekana zima.

Mgeni aliyekaa vizuri

Isije ikaonekana kwamba Hawaii haipokei mimea ya nje. Wapolinesia wa kwanza walipofika kwa mitumbwi yao walibeba mimea waliyoihitaji: magimbi, mashelisheli, viazi vitamu, mnazi. Mtu wa Lamu au Pemba akiingia soko la Wachina katikati ya Honolulu, nusu ya vilivyo mezani atavitaja bila kuuliza.

Kati ya mizigo hiyo ulikuwamo mmea mwingine unaotambaa wa jamii hii hii, mumunye, ambao Wahawaii wanauita ipu. Likikauka huwa kibuyu, kama kwetu. Walitengenezea vyombo vya maji na chakula, na hadi leo hutumika kama ngoma katika mchezo wa hula. Huo nao ni mgeni, nao hutambaa. Lakini hauishi zaidi ya msimu mmoja, ndege hawabebi mbegu zake, na asipoupanda mtu kila mwaka hutoweka. Unamhitaji mkulima. Tindori haimhitaji.

Tofauti hiyo ndiyo ningependa uibebe unapopanga bustani yako ugenini. Kabla ya kuuliza kama mmea ni wa kwetu au si wa kwetu, uliza: nikihama nyumba hii kesho, utabaki ukifanya nini? Mumunye utakufa. Maboga yatakufa. Tindori itaenda kwa jirani.

Ukifika Oahu

Kuiona huhitaji mwongozaji. Panda basi la mji hadi Kaimuki au Kapahulu, au zunguka kwa miguu chini ya kilima cha Punchbowl. Tafuta maua meupe asubuhi. Ukitaka kupanda Diamond Head na wewe si mkazi wa Hawaii, weka nafasi mapema kwenye mtandao, kwani tangu mwaka 2022 wageni hawaingii bila hivyo. Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima kwenye chuo cha Kapiʻolani, ng'ambo ya mlima huo, ambako unaweza kununua mboga za majani na kuzungumza na wanaozilima. Wakati wa kuondoka, mizigo yako itakaguliwa uwanja wa ndege kabla ya kupanda ndege ya bara, na mimea au matunda mabichi yasiyoruhusiwa yatabaki. Usione uchungu. Wanalinda mashamba ya wengine.

Mama ameshanipigia simu mara tatu mwaka huu kuulizia bustani. Karibu na jikoni, pale alipotaka shina lake, tumepanda maboga kwa ajili ya majani, na matembele kwenye ndoo nne. Wajukuu wake ndio wanaomwagilia. Akiuliza habari za mboga yake, namgeuzia simu niwapo kwenye kituo cha basi, nikamwonyesha majani yenye matundu. Hufurahi sana.

"Waache wale," husema. "Wako kazini."